Mkeka wa Pili wa Esau

Hadithi ya Natete ilisomwa redioni Jumapili mchana, saa ambayo Savaii nzima, kisiwa chetu cha Samoa, imetoka kanisani, imekula ikavimbiwa, na sasa imejilaza mikekani haina kazi nyingine isipokuwa kusikiliza. Mwandishi hawezi kuomba wasikilizaji bora kuliko hao. Hata hadithi ikiwa mbovu, hakuna mwenye nguvu za kuinuka akaizima.

Shangazi yake aliongeza sauti mpaka kikomo ili majirani nao wapate, watake wasitake. "Ni Pelenatete wetu!" alipiga kelele kuelekea nyumba ya pili. "Huyu huyu mnayemwona dukani kwangu anauza mikate!"

Natete mwenyewe alijificha jikoni. Siku hiyo alikuwa ameiota tangu alipoanza kwenda kila Jumamosi kwa mwalimu Tauanuu, mzee aliyewahi kuandikia redio michezo ya kuigiza na ambaye, baada ya kustaafu, alifundisha uandishi katika ukumbi wa kanisa. Wanafunzi wake walikuwa wachache, wale tu walioweza kuuvumilia ulimi wake. Na kila Jumamosi aliwapigia neno lile lile: "Msikilizaji akiendelea kutafuna, umeshindwa. Tafuta kitakachomsimamisha taya."

Basi Natete akakitafuta, na loo, akakipata.

Aliandika habari za kijana aitwaye Sakaria, aliyekwenda kuvua kwenye mlango wa mwamba, bahari ikamchukua, na mwili wake usionekane tena. Roho yake haikutulia. Ilitangatanga ufukweni huku nywele zikichuruzika maji. Iliacha nyayo mbichi mlangoni, wa kulia mzima, wa kushoto umeburuzwa. Na kutoka kwenye mwamba iliita: "Mama, mbona hukunisubiri?" Mama akafungua mlango, hakuna mtu. Hapo ndipo hadithi ilipoishia, na kijiji kizima kilinyamaza. Taya zilisimama kweli kweli.

Tatizo ni kwamba Sakaria alikuwa anachechemea mguu wa kushoto. Tena alikuwa na mluzi wake, sauti mbili fupi, aliopiga kabla ya kutokea konani ili mbwa wasimbwekee. Pale kijijini hapakuwahi kuwa na Sakaria wa namna hiyo. Alikuwapo Esau, mtoto wa kiume wa pekee wa Mama Sivaiala, na bahari ilikuwa imemchukua mwaka juzi.

Kwetu, mtu akipotelea baharini na mwili usipatikane, jamaa zake hawamwachi hivi hivi. Wanatandika ufukweni mkeka wa heshima, ule mwororo unaotolewa kwa harusi na misiba, wanakaa kando yake, wanamwita. Kitu cha kwanza kitakachopanda juu ya mkeka, kiwe kaa, kiwe sisimizi, kiwe mjusi, ndiye yeye. Hakifukuzwi wala hakichaguliwi. Kinakunjwa humo humo, kinapelekwa nyumbani, kinazikwa mbele ya nyumba kama anavyozikwa mtu. Mchungaji siku hiyo hujifanya ana kazi kijiji cha pili. Mama Sivaiala alimtandikia mwanawe, akapanda kaa mdogo mweupe, na kaa yule akazikwa kwa machozi yote anayostahili binadamu. Likajengwa kaburi la saruji, na jioni jamaa walilikalia wakipiga soga, Esau chini yao, kila mtu ametulia.

Halafu redio inasema bado anatangatanga. Maana yake waliyemzika siye. Na Natete aliijua mila hiyo kama anavyolijua jina lake, ila siku ile anaandika hakuifikiria hata kidogo. Alikuwa anafikiria taya.

Filisita, dada yake Esau, aliingia dukani Jumanne asubuhi. Alikuwa amesoma darasa moja na Natete, wamechapwa pamoja na mwalimu mmoja, lakini siku hiyo hakusalimia.

"Mkate?" Natete aliuliza.

"Mkate wako kaa nao. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu. Ndugu yangu alikukosea nini?"

"Filisita, ile ni hadithi. Yule ni Sakaria, si..."

"Sakaria mguu wake! Sakaria ndiye anayewapigia mbwa mluzi? Usinifanye mimi mjinga, we Natete. Mbwa wenyewe walinyanyua masikio pale redio ilipopiga ule mluzi."

Natete aliona aibu mpaka shingoni. "Sikuwa na nia mbaya."

"Mama ametandika mkeka tena," Filisita alisema. "Yuko ufukweni tangu jana. Hali chakula. Nikimpelekea chakula anakisukuma. Anasema tulizika kaa. Anasema mwanawe yuko kwenye maji, anaita, na sisi tumekaa juu ya saruji tunacheka. Nikimwambia ni hadithi, ananiambia, redio imesema."

"Nitakwenda kumwomba radhi. Sasa hivi."

"Radhi! Nani ana njaa ya radhi yako? Wewe ndiye uliyemtoa kaburini. Mrudishe."

Alitoka, na Natete akafunga duka bila kumwomba shangazi ruhusa.

Mama Sivaiala alikuwa amekaa juu ya jiwe jeusi, miguu imekunjwa chini ya lavalava, ile shuka ya kiunoni, midomo imekauka. Mbele yake mkeka ulikuwa umelala juu ya mchanga, mawe manne kwenye pembe zake. Haukuwa na kitu. Kaa walikuwa tele ufuko mzima siku ile, wanatoka mashimoni na kurudi, lakini walipoukaribia ule mkeka walizunguka. Natete aliwatazama wakizunguka.

"Kaa upande huo," Mama Sivaiala alisema bila kugeuka. "Usije ukanikanyagia mkeka."

"Mama, nimekuja kuomba unisamehe. Ile habari niliibuni. Hakuna mzimu."

"Mluzi uliubuni?"

"Mluzi hapana, mama. Mluzi ni wake."

"Na mguu?"

"Mguu pia ni wake."

"Haya." Mama mtu alimgeukia sasa. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu. "Umenisemea kweli kwenye mluzi. Umenisemea kweli kwenye mguu. Mimi nitajuaje kwamba ulipofika kwenye nyayo ndipo ulipoanza kudanganya?"

Na nyie mnaotamani kuandika, mnaodhani kazi ni kupata vitu vidogo vya kweli mkavipachika ili uongo upite, hapo simameni kidogo mumtazame mama huyo. Uongo ulipita, na mama wa watu amekaa juani, hali chakula.

Katika juma lile kijiji kizima kilianza kumwona Esau. Watoto walikataa kwenda kuoga kwenye chemchemi. Fundi aliyelijenga kaburi alikuta nyayo mbichi kwenye baraza lake, wa kushoto umeburuzwa, na akaapa mbele ya mchungaji. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaokota konokono alirudi mbio, kapu tupu, anasema ameitwa kutoka mwambani: Mama, mbona hukunisubiri? Natete alisikiliza habari hizo dukani huku akirudisha chenji. Maneno yale aliyatunga yeye. Aliyatunga jikoni huku mdomo umejaa biskuti, akayafuta, akaandika mengine, akayarudisha. Alikumbuka hata makombo.

Halafu akayasikia na yeye. Ilikuwa mchana wa mvua, duka halina mteja, anateremsha mapazia ya makuti ya nyuma ili magunia yasilowe. Kutoka kwenye mwamba, katikati ya kelele ya mvua, sauti iliita. Mama. Ikatua, pale pale alipoweka mkato. Mbona hukunisubiri? Natete aliliachia pazia, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye rafu ya makopo, na akaogopa hata akashindwa kusali.

Mvua haijakatika, alikuwa mlangoni kwa Tauanuu, amelowa chapachapa.

"Mwalimu, nifanye nini? Nimemsikia. Nimemsikia mtu niliyemtunga mwenyewe!"

Mzee alimtupia taulo, akamwekea kikombe cha kakao, na kwa mara ya kwanza hakumtania. "Mimi ndiye niliyekuambia usimamishe taya," alisema. "Sasa zimesimama za mama yule, hali chakula. Sehemu yangu naijua. Lakini nikuulize. Sakaria wako alikuwa anataka nini?"

"Alikuwa... alikuwa anatisha."

"Kutisha ni kutaka? Mtu akiingia kwenye hadithi, awe hai awe maiti, ana kitu anakitaka. Wewe hukumuuliza. Ulimwacha kwenye maji kwa sababu hapo ndipo palipokufaa wewe, ukafunga kalamu ukaenda kulala. Yeye hajalala."

"Basi nimwandikie mwisho mwingine?"

"Mwandikie. Lakini sikiliza, mwanangu. Safari hii huiandikii redio. Unamwandikia mtu mmoja, na huyo mmoja anamjua Esau kuliko unavyomjua wewe. Mhariri mkali kama huyo hutampata mjini Apia wala ng'ambo. Ukimaliza niletee nami nione."

Natete aliandika siku hiyo hiyo, nyuma ya duka, kati ya magunia ya unga, kwa mkono. Aliandika kwa hofu, na mtu mwenye hofu huandika haraka na huandika vizuri kupita kiasi. Kesho yake akaenda nayo ufukweni. Filisita alikuwapo, ameshika mwavuli juu ya kichwa cha mama yake, ambaye mashavu yalikuwa yameshaingia ndani. Mkeka ulikuwa mtupu vile vile.

Natete akasoma. Katika karatasi zile Esau alitoka majini akiwa msafi, mguu umepona, nuru inamzunguka. Alisimama mbele ya mama yake akasema: Usilie tena, mama yangu mpendwa, nimefika penye amani.

"Ngoja," Mama Sivaiala alisema. "Huyo nani?"

"Esau, mama."

"Esau? Esau aliniita mpendwa lini? Filisita, uliwahi kusikia?"

"Hata alipokuwa anataka hela ya sigara hakusema," Filisita alijibu. Alicheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hajakimaliza.

"Na mguu nani amemponya? Mimi nimemzaa na mguu ule, nimembeba na mguu ule. Ukimponya mguu mimi nitamtambuaje?" Aliusukuma mwavuli pembeni. "Umeniletea mtoto wa mchungaji. Mrudishe ulikomtoa. Mimi namsubiri wangu."

Natete alizichana karatasi pale pale. Alitaka kukimbia, apande meli ya Apia asionekane tena, aache kabisa mambo ya kalamu, auze mikate mpaka azeeke. Badala yake alijikuta amekaa mchangani, na swali likamtoka ambalo angelitakiwa kuliuliza kabla ya mambo yote hayo.

"Mama, Esau alikuwa anarudije nyumbani?"

Kaa walizunguka mkeka.

"Hapiti mbele," Mama Sivaiala alisema mwishowe. "Mbele kuna wajomba zake wamekaa, wakimwona watamtuma. Mvivu yule! Anapita nyuma, kwenye magimbi ya mchungaji, anayakanyaga, kila mwezi mimi naomba msamaha kwa mke wa mchungaji. Anapiga mluzi kwa mbwa. Mbwa wanasalimiwa, mimi sisalimiwi."

"Akifika?"

"Anakwenda kwenye sufuria. Moja kwa moja. Anafunua kifuniko na kukiacha chini kwenye mavumbi, nimemwambia mara ngapi. Halafu analalamika. Magimbi yamepoa. Tui halionekani. Mboga ya palusami mmekula nyie mkaniachia majani matupu." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kijana mmoja mkorofi. "Samaki wako wapi, namuuliza. Leo bahari mbaya, mama. Kumbe amewauza njiani."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Namwambia, kula au acha."

"Anaacha?"

"Esau aache chakula?" Mama Sivaiala alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua ina maji. "Wewe unauliza maswali kama polisi."

Natete aliendelea kuuliza. Alianguaje nazi, kwa mkono gani? Alikaa wapi akila? Akishiba anasema nini? Aliuliza mpaka maji yakaanza kujaa na Filisita akasema basi, mwache mama apumzike. Lakini mama hakutaka kuachwa. Kila Natete alipoinuka, alimwongezea jingine.

Aliporudi nyuma ya duka, mvua ilikuwa imeanza tena. Alikaa kati ya magunia na kuandika jina, Esau, lenyewe, si Sakaria. Akahisi mtu. Hakugeuka. Nyuma yake, karibu na mlango, maji yalikuwa yanadondoka juu ya saruji, tone, tone, na paa lilikuwa halivuji pale, alilijua paa lile toka utotoni. Mikono ilimwia mizito. Jikaze, alijiambia, umemwita mwenyewe. Hakumpamba wala hakumharakisha. Alimwacha atoke majini na mguu wake, apite kwenye magimbi ya mchungaji, ayakanyage, apige mluzi. Alipomfikisha kwenye mlango wa jikoni kalamu ilisimama. Hakujua aandike nini. Alikumbuka swali la Tauanuu, akauliza kwa sauti, huku machozi yakimtiririka kwa woga: "Unataka nini, kaka?"

Hakujibiwa. Lakini alimwona jinsi alivyosimama kizingitini, anatazama ndani, mkono umeshika mwimo, na ghafla Natete akajua, akashangaa amekaaje siku zote hizo asijue. Aliinama akaandika mpaka mwisho bila kufuta neno. Alipomaliza hakukuwa na tone wala sauti, na yeye alijua, kama mpishi anavyojua kwa harufu tu, kwamba hajawahi kuandika kitu kizuri namna ile na huenda asiandike tena.

Kesho yake jua liliwaka na upepo ulivuma kutoka baharini. Alikaa pale pale, upande wake, akasoma polepole, kila karatasi akiimaliza anaiweka chini ya goti.

Esau anatoka majini usiku ule ule wa kwanza, mwaka juzi. Anarudi nyumbani kwa njia yake ya nyuma. Anazikwa, anakaliwa na wajomba, hana neno, jikoni kuna sufuria na kila jioni kuna kinachobaki. Halafu siku moja anakuja, anafunua kifuniko. Tupu. Anagusa majivu, ya baridi. Anatoka nje, anaona nyumba haina mtu, anachungulia kati ya minazi, na kumbe mama yake amekaa ufukweni, amempa mgongo, anamtafuta baharini. Anamwita. Mama hasikii, kwa sababu anasikiliza bahari. Basi Esau anakaa kwenye kizingiti, mguu wa kushoto ameunyoosha, na kulalamika kwa mbwa. "Watu wote wameenda kunitafuta mimi," anasema. "Sasa mimi nitakula nini?"

Natete aliiweka karatasi ya mwisho chini ya goti. Filisita alikuwa ameuteremsha mwavuli bila kujua.

Mama Sivaiala hakulia mara moja. Kwanza alicheka, pumzi moja tu puani. "Mshenzi," alisema. "Hata kaburini anataka kupakuliwa." Halafu akajishika tumbo kwa mikono yote miwili, akainama, na kilio kilichomtoka kilikuwa cha mwaka juzi, ambacho alikuwa hajakimaliza. Filisita alimshika. Natete naye alilia, na alipojisogeza ampanguse mama yule, goti liliachia karatasi, na upepo ukaipeperusha moja, ile ya kwanza. Iliruka jiwe, ikatua juu ya mkeka, katikati, ikatulia.

Wote watatu waliitazama.

Natete alinyoosha mkono aichukue. Mama Sivaiala alimdaka kifundo, kwa nguvu ambazo mtu aliyeshinda na njaa asingepaswa kuwa nazo.

"Acha. Kimepanda chenyewe."

"Mama, ni karatasi tu, upepo ume..."

"Yule kaa naye aliletwa na nini? Lete na nyingine. Usimgawe."

Natete alizikusanya zilizobaki. Alizishika kifuani. Alifikiria Jumamosi, ukumbi wa kanisa, Tauanuu akisoma bila neno la kejeli. Alifikiria kwamba alikuwa ameiandika mara moja tu, kwa mkono, na kwamba tangu asubuhi alikuwa amejaribu kuikumbuka sentensi ya mwanzo bila kuitazama akashindwa.

"Nakuomba, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Niache ninakili kwanza. Sina nyingine. Ipo hii moja tu."

Mama Sivaiala alikuwa ameshapiga magoti kwenye mchanga, anaondoa mawe kwenye pembe.

"Na Esau nilikuwa naye mmoja," alisema.

Natete akazilaza karatasi juu ya mkeka, moja juu ya nyingine, akashika pembe ya upande wake. Walikunja pamoja. Mama Sivaiala akaubeba mkunjo mikononi kama mtoto aliyelala, akamwambia Filisita atangulie akabandike magimbi, na asisahau kuweka tui.